MAISHA YA ASKOFU FESTO KIVENGERE: ALIYEACHA POMBE AKIWA BADO NA MASHAKA

   

Katika ukurasa huu wa watumishi wa Mungu waliotutangulia, tunaangalia maisha ya Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Wengi wanamfahamu kama mhubiri mkubwa wa Afrika Mashariki. Sisi tumemchagua kwa sababu tatu. Ya kwanza, alikuwa mnywaji wa pombe, na aliacha. Ya pili, siku alipoacha hakuwa na imani kubwa. Alikuwa mtu wa mashaka. Ya tatu, alikuja kuwa mkimbizi kama sisi.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Makambini kwetu kuna vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha waragi, kwete, bangi na mairungi. Wanakaa chini ya mwembe au ndani ya kanisa, kila mtu anasema hali yake, wanaombeana, wanarudi nyumbani. Kazi hii ni njema. Lakini kuna swali linalosumbua vikundi hivi. Je, mtu ambaye haamini tena, au ambaye amemkasirikia Mungu kwa sababu ya yale aliyoyaona vitani, anaweza kukaa katika duara hilo? Au kwanza aamini, ndipo asaidiwe? Maisha ya Festo yanatupa jibu.

Kijana wa ng'ombe

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri, katika jamii ya wafugaji. Alikuwa wa ukoo wa kifalme, mjukuu wa mtawala wa Rujumbura. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe. Injili ilifika kwao kwa njia ya walimu wa Kiafrika waliofundisha watoto kusoma, na Festo akajifunza kusoma, akabatizwa, akapenda habari za Yesu kwa moyo wa mtoto. Baadaye alisoma Kabale, kisha akaenda Mukono kusomea ualimu.

Kadiri elimu ilivyozidi, imani ya utotoni ilipoa. Si kwamba masomo ni adui wa imani. Sisi wenyewe tumepita chuo cha Biblia na tunashukuru kwa kila darasa. Ila kwa Festo, dini ilibaki kuwa kanuni za shule, na moyo wake ukaenda mahali pengine. Aliporudi kwao Rukungiri kuwa mwalimu, alikuwa kijana mwenye heshima, mshahara na baiskeli. Alikuwa pia mnywaji. Na kuhusu Mungu, alikuwa amefika mahali pa kutojua kama yupo au hayupo.

Tuangalie mambo hayo mawili pamoja, pombe na mashaka. Watu wengi hufikiri pombe huja kwanza na mashaka hufuata, au kinyume chake. Mara nyingi vinatembea kama mapacha. Mtu anakunywa ili asisikie swali lililo moyoni, na kesho yake, kwa aibu ya jana, hawezi kusimama mbele ya Mungu, basi anasema hakuna Mungu. Hapa kwetu tunalijua jambo hili. Baba aliyezika watoto njiani hakunywa kwa sababu waragi ni tamu. Anakunywa kwa sababu usiku ni mrefu.

Ushirika uliomzunguka

Wakati Festo anakunywa, kulikuwa na moto mwingine unawaka Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba, Mwafrika na Mzungu wakiwa ndugu, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Kutoka hapo uamsho ulienea. Septemba 1935 ulifanyika mkutano mkubwa Kabale, na watu wengi wakatubu hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na jirani zao. Waliitwa Balokole, maana yake waliookoka, na wimbo wao wa Tukutendereza unaimbwa mpaka leo.

Nguvu ya Balokole haikuwa katika mikutano mikubwa peke yake. Ilikuwa katika ushirika mdogo. Waliketi pamoja, wake kwa waume, mwalimu na mpishi, wakasoma Neno. Kisha kila mtu aliyeguswa alisema wazi pale alipoanguka wiki ile, bila kujipamba. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, kutokana na Waraka wa kwanza wa Yohana. Mlevi alisema kwamba amekunywa. Mwenye chuki alimtaja aliyemchukia. Wenzake hawakushangaa, kwa maana nao walikuwa na yao. Wakamwombea, wakaimba, wakamsindikiza njiani.

Hatusemi Balokole walikuwa malaika. Walikuwa na ukali wao. Wengine walihukumu haraka, na makanisa mengine yaligawanyika kwa sababu yao. Mwaka 1941 chuo cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho huo baada ya ugomvi na wakuu wa chuo. Lakini watu wengi walioshindikana kwa pombe walisimama tena wakiwa katikati ya ushirika huo, na hilo haliwezi kufichwa.

Jumapili ya mwaka 1941

Festo alirudi Rukungiri akakuta watu wake wameokoka. Hata ndani ya ukoo wake walikuwamo. Alichukizwa nao sana. Aliwaona kama watu wenye kelele wasiojua mambo ya dunia. Wao hawakugombana naye. Walimwombea na kuendelea kumpenda.

Jumapili moja ya mwaka 1941, ndani ya kanisa, msichana wa ukoo wake alisimama akashuhudia kwamba Bwana amewahakikishia kuwa siku ile ile Festo atarudi kwake. Festo alikuwamo. Alitoka nje kwa hasira na aibu, akaenda kunywa. Alikunywa ili aharibu ule unabii.

Jioni, akiwa anarudi nyumbani kwa baiskeli, alimwona rafiki yake anakuja mbio. Huyu alikuwa mwenzake wa siku zote. Rafiki akasimama, akamwambia kwamba saa chache zilizopita Yesu amemwokoa, na kwamba anaomba msamaha kwa mambo mabaya waliyoyafanya pamoja. Kisha akaondoka, uso wake unang'aa. Festo alibaki njiani. Angeweza kubishana na mahubiri, lakini rafiki aliyebadilika hakuwa na jinsi ya kumpinga. Ulevi wote ukamtoka, akabaki na ukiwa.

Alifika chumbani kwake, akapiga magoti. Hapa ndipo tunaomba kila msomaji asimame kidogo. Sala aliyoomba Festo usiku ule haikuwa sala ya mtu mwenye imani kubwa. Alimwomba Mungu ambaye hakuwa na hakika kama yupo. Alimwambia kwamba kama yupo kweli, kama rafiki yake anavyosema, basi aone hali yake mbaya, na kama anaweza kufanya neno lolote, alifanye sasa. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, bila kuona haya. Na katika sala hiyo ya mashaka, alimwona kwa macho ya moyo Yesu aliyesulubiwa, akaelewa kwamba anapendwa jinsi alivyo.

Kwa hiyo imani haikutangulia. Kilichotangulia ni ukweli. Festo alimpa Mungu kile alichokuwa nacho, yaani shida yake na shaka yake, na Mungu hakumrudisha akalete kingine kwanza.

Baada ya usiku ule

Wengi hutubu usiku, asubuhi wanarudi kwenye chupa. Festo hakurudi, na sababu moja ni kwamba aliingia katika ushirika na hakuutoka. Alianza kutengeneza mambo yaliyoharibika. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa Kabale ambaye alikuwa amemchukia sana. Festo alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu wa milima mpaka kwa mtu huyo, akakiri chuki yake na kuomba msamaha. Wakakumbatiana.

Mwaka 1943 alimwoa Mera, naye akawa mwenzake katika huduma mpaka mwisho. Mwaka 1946 walihamia Dodoma, Tanganyika, Festo akafundisha katika shule ya sekondari ya kanisa, na siku za mapumziko alihubiri vijijini. Walikaa huko mpaka mwaka 1959. Mwaka 1960, Billy Graham alipozunguka Afrika Mashariki, Festo alikuwa mkalimani wake. Baadaye alisoma theolojia Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1971 alianza kuongoza kazi ya uinjilisti ya African Enterprise Afrika Mashariki, na Desemba 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi. Katika miaka hiyo yote, hata akiwa askofu, aliendelea kuketi katika ushirika na kukiri makosa yake kama muumini mwingine yeyote.

Mwaka huo huo upande mwingine wa dunia

Inafaa tuseme neno juu ya jambo lililotokea Marekani mwaka ule ule wa mkutano wa Kabale, kwa maana vikundi vingi vya kuacha pombe duniani vimetoka huko. Juni 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, watu wawili walevi, mfanyabiashara Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kwamba mlevi akisaidiana na mlevi mwenzake, wote wawili wanaweza kukaa bila kunywa. Walikuwa wamejifunza kukiri na kutengeneza makosa katika ushirika wa Kikristo ulioitwa Oxford Group. Kutoka kwao kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho vikundi vyake vimefika Nairobi na Kampala pia.

Walipoandika kitabu chao kilichotoka mwaka 1939, walibishana. Wengine walitaka Mungu atajwe wazi kama kanisani. Wengine, walioacha pombe lakini hawakuamini, walisema maneno hayo yatawafukuza walevi wengi kabla hawajakaa. Wakapatana waandike habari za Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa. Na baadaye wakaweka kanuni kwamba sharti la kuingia ni moja tu: mtu atake kuacha pombe.

Sisi ni kanisa, na hatuwezi kuficha jina la Yesu. Hatuhubiri Mungu asiye na jina. Hata hivyo, kuna hekima katika mlango ule mpana. Hakuna mtu anayepimwa imani mlangoni mwa zahanati. Anapokelewa kwa sababu ni mgonjwa.

Mkimbizi

Sasa tuje kwenye sehemu ya maisha ya Festo inayofanana na yetu. Mwaka 1971 Idi Amin alichukua utawala wa Uganda. Watu wengi waliuawa. Februari 1977 maaskofu wa Anglikana walimwandikia rais barua ya kulalamikia mauaji hayo, na Festo alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 Februari 1977 waliitwa Kampala mbele ya jeshi na wakubwa wa serikali. Maaskofu wengine waliruhusiwa kwenda. Askofu Mkuu Janani Luwum alibakizwa, na siku ile ile akauawa.

Festo na Mera walirudi Kabale, wakaambiwa kwamba yeye anafuatwa. Siku chache baada ya kifo cha Luwum walitoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu, gizani, mpaka wakavuka kuingia Rwanda. Ninyi mliovuka mpaka usiku mnaijua njia ya namna hiyo bila kuelezwa.

Ugenini, Festo alikuta ndani yake kitu alichokijua zamani. Hakurudia pombe. Lakini uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unamshika kama pombe ilivyomshika. Ulimpa joto kidogo, kisha ukamkausha. Hakuweza kuomba vizuri. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977, akiwa London kanisani, alisikia tena habari za Yesu akiwaombea waliomsulubisha, akaona kwamba yeye naye anatakiwa kumsamehe Amin. Alikiri uchungu wake na kuomba neema. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, maana lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema mauaji ni mema, wala hakunyamaza juu ya haki. Alikataa tu kuwa mfungwa wa chuki.

Hapa Koboko neno hili lina uzito wake, kwa maana ukoo wa baba yake Amin ni Wakakwa wa hapa. Amin alipoanguka mwaka 1979, wenyeji wetu wa West Nile walilipizwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyafanya. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi. Maelfu walikimbilia Kongo na Sudani, kwetu sisi, wakakaa miaka. Kwa hiyo wanaotupa ardhi leo walikuwa wakimbizi jana, na pombe na uchungu viliwatafuta wao pia.

Festo alirudi Uganda mwaka 1979, baada ya kuwasaidia wakimbizi wenzake wa Uganda, hasa wanafunzi. Alirudi akihubiri upatanisho. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa saratani ya damu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mwenye mashaka asifukuzwe katika duara. Tomaso alikataa kuamini kwa siku nane, soma Yohana sura ya 20. Siku ya nane Yesu alimkuta wapi? Alimkuta ndani ya nyumba, pamoja na wenzake. Hawakumfungia nje kwa sababu ya shaka yake. Kama wangemfukuza siku ya pili, angekuwa wapi Bwana alipokuja?

Pili, mtu asilazimishwe kushuhudia kile ambacho bado hana. Kuna mahali ambapo mgeni siku ya kwanza anaambiwa asimame aseme ameokoka na kiu imekwisha. Anasema, kwa sababu kila mtu anamtazama. Jioni kiu inarudi. Sasa anabeba mizigo miwili, pombe na uongo, na wiki inayofuata haji tena kwa aibu. Ni afadhali aseme kwamba leo hajanywa, lakini hajui kama Mungu anamsikia. Hayo ni maneno ya nuruni. Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko sura ya 9 alikiri mbele ya Yesu kwamba imani yake ni pungufu, na mtoto wake akaponywa siku ile ile.

Tatu, wanaoamini wasinyamaze. Rafiki wa Festo hakubishana naye njiani, lakini alimwambia wazi ni nani aliyembadilisha. Kumpokea mwenye mashaka si kuzima taa yetu. Tushuhudie yetu, tumwachie nafasi ya kusema yake. Hata ndugu Mwislamu anayekuja kutafuta msaada asikilizwe kwa heshima, kwa maana pombe haikuuliza dini yake.

Nne, tusidharau dawa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Hayo si mapepo peke yake kama wengine wanavyodhani, wala si ukosefu wa imani. Apelekwe kituo cha afya mapema, na ndugu mmoja wa kikundi akae naye. Kumwombea na kumpeleka kwa daktari ni upendo ule ule.

Tano, aliyeacha pombe aendelee kuketi na wenzake. Festo alikaa katika ushirika zaidi ya miaka 40, na bado uchungu ulimvamia akiwa askofu. Aliyezoea kukiri ndiye aliyeweza kuutambua mapema.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika kikundi chetu, mtu anaweza kusema shaka yake bila kuogopa? Kama hawezi, ni nini kinamzuia?
2. Nani ameacha kuja mwezi huu, na nani atakwenda kumtembelea bila kumhukumu?
3. Je, kuna uchungu unaotushika kama pombe ilivyotushika?

Tuombe kwa ajili ya wote wanaoacha kileo wiki hii, kwa ajili ya wake na watoto wanaowangoja nyumbani, na kwa ajili ya yule ambaye leo ataomba kwa Mungu asiyekuwa na hakika naye. Bwana aliyemsikia mwalimu wa Rukungiri amsikie na huyu. Amina.